Bibi na Mdomo wa Jiwe

Nilipokuwa mtoto kule Mpapura, miaka michache baada ya Uhuru, hakuna aliyethubutu kulinyooshea Jiwe kidole. Lilisimama peke yake katikati ya mikorosho, jeusi, kubwa kuliko msikiti wetu, na chini lilikuwa na pango tuliloliita mdomo. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyepeleka unga wa mtama pale mdomoni kila mwaka kabla ya kupanda. Alituonya kwamba atakayelichora Jiwe zima, macho yake yatapofuka.

Halafu tukasikia kwamba msimu wa korosho ukiisha, Jiwe litavunjwa kokoto za barabara. Mwalimu Yohana, Mkristo aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, akasema haiwezekani lipotee hivihivi. Akaanza kulichora kwenye ukuta wa shule, ule mrefu wote, kwa mkaa, udongo mwekundu na chokaa, amesimama juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili. Jamani, mtu yule alikuwa na mkono! Kila ufa aliuweka, hata kile kimti kilichojishikiza ubavuni. Ukisimama karibu ungedhani litakuangukia. Nilimpenda sana mwalimu yule, nikawa naomba kimoyomoyo Jiwe lisimwone.

Akiwa amebakiza sehemu ya chini tu, chokaa ikamrukia machoni. Kijiji kizima kikasema, si tuliambiwa? Bibi, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga shuleni, alinishika mkono tukaenda mbio.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema, amefumba macho, machozi yanamtiririka.

"Marahaba. Fumbua macho, acha kujikunja kama mtoto."

Akamwosha kwa ndoo nzima ya maji huku akimgombeza. Alipomaliza, akainua uso na kuuona ukuta.

"Mdomo uko wapi?"

"Sijauchora, bibi. Sasa naogopa."

"Sasa litakula wapi?"

Akaomba mkaa. Nikamng'ang'ania kanga nikilia, "Bibi, usichore! Macho yako!"

"Niache, mjukuu wangu. Haya yameshaona ya kutosha."

Akauchora mdomo kwa mkono usiozoea kuchora, ukapinda upande mmoja. Mwalimu hakuurekebisha hata kidogo.

Mwalimu alipona baada ya siku chache. Jiwe likavunjwa, na barabara yake naipita mpaka leo nikienda Mtwara. Bibi akawa anapeleka unga chini ya ule ukuta, na hakuna mwalimu aliyethubutu kuufagia unga ule.

Miaka ilipita, macho ya bibi yakaingia ukungu, kisha yakazima kabisa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na nadhani alisema kweli. Bibi mwenyewe hakulalamika wala hakushangaa. Nilikuwa namwongoza hadi shuleni na bakuli lake, pale anaachia mkono wangu, anapapasa ukuta, anasimama palepale penye mdomo.

Watu humsifu mwalimu kwa picha ile, na anastahili. Mimi nikiukumbuka ukuta ule namwona bibi, aliyeamini kabisa kwamba atapofuka, na bado akaomba mkaa.