Aliyebeba mtoto na jina lake

Jua halijatoka, na Janet Karisa ameinama juu ya karai kubwa nyuma ya nyumba yake, Matsangoni. Mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Kila Janet anapokamua shuka, kichwa cha mtoto kinayumba.

"Saa hizi angekuwa na nyanya yake," anasema bila kuinua macho.

Janet, 24, ni dobi. Hufulia nyumba za wageni za Watamu, na siku yenye kazi hupata kama shilingi mia sita. Mumewe anachimba mawe ya kujengea huko Junju. Hurudi mwisho wa mwezi.

Mtoto anaitwa Douce. Majirani hutamka Dusi. Ni neno la Kifaransa, maana yake tamu, laini. Janet alilikuta kwanza kwenye chupa ya dawa ya kulainishia nguo. Baadaye akamsikia mgeni mmoja, bibi wa Kifaransa, akimwita paka wake hivyo. Kisha akaliona kwenye kibao cha saluni kando ya barabara.

"Hilo ni jina langu la ubatizo," asema mwenye saluni, msusi kutoka Burundi. "Kwetu tuko wengi. Darasani tulikuwa watatu, mwalimu akachoka, akatuita kwa majina ya baba zetu."

Janet alipojifungua, mikono ikiwa imechubuka kwa sabuni, hakutafuta jina mbali.

"Nilitaka apate kitu laini. Mimi sijakipata."

Lakini kwa Wagiriama wa ukoo wa mumewe, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Mama mkwe wa Janet, Kache Nyale, alikuwa ametoka Ganda na leso mpya, amekuja kumpokea somo yake, mjukuu wa kubeba jina lake, na kukaa amlee. Alipolisikia jina, aliikunja leso akairudisha mkobani.

"Dawa ya nguo, paka, na sasa mjukuu wangu," alimwambia Janet. "Haya, mkaza mwana. Mlezi mtafute hukohuko kwa Wafaransa."

Akarudi Ganda. Miezi saba sasa hajakanyaga Matsangoni.

Msusi alicheka aliposimuliwa. "Mpe mama jina lake, dada. Akina Douce hatutaisha."

Janet hakucheka. Jumamosi hii anapanga kwenda Ganda, mtoto mgongoni.

"Nitamwambia, 'Mama, mpokee Kache wako.' Dusi litabaki la kumbembelezea."

Anakung'uta shuka, anaianika, anajishika kiuno.

"Akimpokea, nitaomba nilale palepale kwake. Mchana mmoja tu."