Rafu ya Vitabu Vilivyoagizwa

Nilimwahidi mzee muuza vitabu kwamba kila kitabu kilichobaki kwenye rafu yake ya nyuma kitamfikia mwenyewe. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa Kampala, na Wahindi walikuwa wameamriwa kuondoka nchini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Tangu utotoni sikuweza kupita duka la vitabu bila kuingia, na kwake niliingia kila Jumamosi.

Rafu ile ilikuwa desturi ya baba yake, aliyeanza biashara kwa kutembeza vitabu vya shule kwenye vituo vya reli. Kitabu kilichoagizwa ng'ambo kilikaa miezi njiani. Kilipofika, kilichomekwa karatasi yenye jina la aliyekiagiza, kikamngoja. “Hata miaka ipite, mwanangu, hatuuzi cha mtu,” mzee aliniambia.

Alipoondoka, duka likapewa sajini mmoja wa jeshi. Niliomba kazi ya kumpangia vitabu, nipate kuikaribia rafu. Siku ya tatu nilimkuta amechomoa karatasi moja, anaigeuzageuza.

“Hii majina ni ya nani?”

“Ya wateja, afande.”

“Wateja gani wanajificha ndani ya kitabu kama kunguni?” Askari mwenzake mlangoni akacheka. “Kesho watu wa usalama watakuja kuona. Wewe utawasomea, profesa.”

Wakaenda kunywa chai. Siku zile watu walichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilizichomoa karatasi zote, nikazitumbukiza katika shimo la choo cha uani. Nilipoinuka ndipo nilipotambua kosa langu: nilikuwa nimesoma majina manne tu.

Watu wa usalama walifunua kurasa, wakatikisa vitabu, wakanizaba makofi mawili, wakaenda zao. Sajini alitaka nafasi ya kuweka kreti za bia. “Beba takataka yako,” akasema. Nikabeba.

Vinne nilivifikisha, cha mwisho kwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Makindye, aliyekipokea dirishani bila kufungua mlango. Vilivyosalia nimehama navyo vyumba vitatu. Huvipanga, huvipangua, na sijui bado kama niliwalinda wenyewe au niliwanyang'anya.

Ikiwa uliagiza kitabu katika duka lile na hukukipata, naomba unitafute. Nitajie jina la kitabu tu. Lako usinitajie.