Jalada la Mkula

Karani wa masjala huchapa kwa vidole viwili, vingine vinangoja hewani. Kila asubuhi hupangusa kioo cha kompyuta kwa upindo wa kitenge, kisha anafungua majalada yake ya barua pepe, yenye majina ya vijiji na kero zao: Katindiuka, Mkula, Mfereji. Ndani hamkai kitu. Kila jalada ni utafutaji aliouhifadhi. Akilibofya, linaziita barua zote zenye jina hilo, popote zilipo.

Juzi mkuu wake alilifuta la Mkula, eti linajaza mashine, kisha akamwambia Mzee Kelestini wa Mkula, ambaye mpunga wake unakauka kwa mfereji kuzibwa, "Barua zako hazipo, mzee. Andika upya."

Masikio ya karani yakawaka moto. Miezi mitano mtu anaandika, leo aanze upya?

"Mkuu, ulichofuta ni utafutaji," alisema, sauti ileile ya chini. "Barua ziko palepale."

"Wewe nawe na kompyuta yako."

Karani akavuta kibodi. Akachapa Mkula, akahifadhi tena. Barua tisa zikajipanga, na jibu la mkuu chini ya kila moja. Akakigeuza kioo kumwelekea mzee.

"Shikamoo, mzee. Sogea umsomee mkuu alichokujibu."

Mzee akasoma polepole, mara tisa: "Tumepokea. Tunashughulikia."