Twiga wa Manjano

Jumamosi, kwenye soko la kanisa huku ughaibuni, Brooklyn Park, nilijikaza kumuuza twiga wa mbao, kichezeo cha mwisho alichochonga na kukipaka rangi marehemu mke wangu.

"Rangi gani hii?" akauliza mama aliyevaa sare ya hospitali.

"Manjano ya jikoni, kiungo tu cha chakula. Mtoto anaweza hata kumtafuna."

"Mjukuu wangu hatafuni kitu sijapangusa, baba."

Akatoa kitambaa chenye dawa mkobani, akamsugua twiga kwa ustadi wa kazini. Kitambaa kikawa cha njano, twiga akabaki mweupe.

"Sasa huyu ni ngamia," akasema, "lakini ni safi. Namchukua."

Sikumlaumu. Mke wangu naye alikuwa muuguzi, na angempangusa vivyo hivyo. Nilimwomba tu aniachie kile kitambaa.