Divai za Visiwani kwenye Meza ya Sib

Nilikuwa nimekariri ladha za matunda ambayo sijawahi kuyatia mdomoni. Plamu, cheri, maua ya mlozi, vyote nilikuwa navyo kichwani, na mpishi mkuu aliponimiminia divai nyeupe ya Sardinia nikamtiririshia bila kuvuta pumzi. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa kisiwa hicho, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kula plamu.

Nikasema sijawahi.

"Basi hapo umeonja nini?"

Nilichemka. Niliona ananidharau, na mimi nikidharauliwa huwa nanuna siku mbili. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa mhudumu katika mkahawa wake wa Kitaliano, ndani ya hoteli moja ya Al Khuwair, mtaa wa Maskati, na nilitaka sana kuwa msimamizi wa divai. Shida ni kwamba nimelelewa Kitui katika kanisa ambalo pombe haikaribii hata kizingiti. Nilikuwa naonja na kutema, na sikujua ninachokitema. Mpishi akanipa mwezi mmoja. Angepanga vyakula vya Sisilia na Sardinia mezani, nami nichague divai ya visiwa hivyo inayofaa kila kimoja na kumweleza kwa nini, kwa maneno yangu mwenyewe. Nikishindwa, nibaki kumimina chai ya asubuhi.

Aliyenisaidia ni shoga yangu wa mapokezi, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Divai hajaigusa wala hataigusa, lakini aliona nilivyokunjamana. Ijumaa iliyofuata akaniambia twende kwao Sib, nje kidogo ya jiji, nikale chakula cha mama yake, labda ulimi wangu utafunguka.

Mama yule alinitazama nilivyojaza sahani, akashika kiuno. "We mtoto, mbona wala kama unajaza gunia? Pweza huyo ana nazi. Kamulia ndimu kwanza, halafu nambie."

Nikakamua, nikala, nikamwambia sasa pweza anasikika.

"Ehee! Cha mafuta kitafutie kikali kikikate. Cha nazi usikipigie kelele. Cha chumvi nyingi kitulize kwa kitamu. Haya hamfunzwi huko kwenu?"

Huko kwetu tulifunzwa kushiba na kushukuru. Nikarudi hotelini na ndimu kichwani, na nilipoonja tena ile divai ya Sardinia, nikaipata: ni ndimu iliyokaa ndani ya chumvi, na nyuma yake uchungu kidogo wa ganda. Nikaelewa kwa nini mpishi huipeleka mezani pamoja na pweza. Divai nyekundu ya mlima wa moto wa Sisilia, ambayo kitabu kilisema ina cheri, nikaipata kuwa ni ukwaju mwepesi, na jodari akawa hakai mbali nayo. Niliruka jikoni kama mwehu. Mpishi akafikiri nimemeza.

Ijumaa ya pili nikaenda tena, na ya tatu. Na hapa ndipo nilipokosea. Siku ile ya kwanza mama aliniuliza nasomea nini hasa kazini, nami nikajibu, "Vinywaji vya zabibu, mama." Shoga yangu akainamia sahani yake. Lilikuwa neno la kweli lililofanya kazi ya uongo. Kwa Ijumaa tatu mwanamke ambaye hakosi sala alinifundisha divai bila kujua, akinichagulia achari na kachumbari, akinipa halwa pamoja na kahawa chungu isiyo na hata chembe ya sukari, ili nione jinsi kitamu kinavyomtaka mpinzani. Nami nilikuwa nimeshaizoea ile nyumba. Maskati nzima, ndiyo pekee ambako mtu alinigombeza kama mtoto wake. Sikutaka kuipoteza, kwa hiyo nilinyamaza.

Ijumaa ya tatu, tukinywa kahawa, akasema kwa furaha, "Mtihani ukishapita, nnataka unialike huko hotelini. Na mie nikavionje hivyo vinywaji vya zabibu, nijue nimekufunza nini."

Nikamwona akilini amekaa pale mkahawani na baibui lake safi, mimi nikimmiminia. Nikaweka kikombe chini.

"Mama, nisamehe. Ni divai. Ni pombe ninayosomea."

"Pombe," akasema. "Na mie nakwambia kamulia ndimu."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akainuka, akaingia chumbani, na hakutoka mpaka tulipoondoka. Nilijua nimefukuzwa kwa adabu, na kwamba nimejitakia.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Nilifikiria nisitumie maneno ya yule mama, lakini sikuwa na mengine. Pweza nikampa ndimu yangu ya chumvi. Biringani zilizopikwa kwa siki na sukari, nyekundu ya mlimani. Mwanakondoo wa kuchoma, nyekundu nzito ya Sardinia. Mwisho zikaletwa keki ya Sisilia na jibini kavu ya maziwa ya kondoo, na divai tamu ya kisiwa cha Pantelleria, ambako zabibu huanikwa juani kwanza. Mpishi na wahudumu wenzangu waliokuja kutazama walidhani nitaipeleka kwenye keki. Nikaipeleka kwenye jibini. Nikasema kitamu juu ya kitamu ni kelele, jibini ina chumvi na inataka kutulizwa. Mpishi akapiga meza kwa kiganja na kusema kwamba bibi yake alifanya vivyo hivyo. Nilikuwa nimefaulu. Nilikwenda chooni nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha peke yake.

Ijumaa hiyo shoga yangu alikuwa mapumzikoni tangu asubuhi. Nilingoja simu. Haikuja. Nikabaki kwenye chumba cha wafanyakazi nikala tambi za pakiti, nikajiambia hiyo ndiyo haki yangu.

Jumamosi akaingia zamu amevimba kwa hasira. Hata salamu hakunipa.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hamkunialika."

"Nani alikualika mara ya pili? Nani alikualika ya tatu? Kwetu mgeni ndiye hualikwa, shoga. Mama kakufunikia sahani yako ya wali mpaka magharibi, kila akisikia gari anachungulia dirishani."

Nikamwambia nilidhani mama yake amenikasirikia.

"Kakasirika ndiyo! Kanikasirikia mie pia, nilijua nikanyamaza. Kasema pombe ni yako na Mola wako." Akashusha sauti, maana mgeni mmoja alikuwa anakaribia na sanduku lake. "Lakini wali uliopoa ni wake yeye, na huo hajakusamehe."