Filter ya mifupa nyuma ya nyumba, na ripoti ya maji niliyosema sikuisoma

Wakuu, hamjambo nyote.

Naanza na jambo ambalo nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, mbele ya mume wangu, mbele ya binti yangu, na mara moja mbele ya pasta.

Ile ripoti ya maji niliisoma.

Niliisoma kurasa zote tatu, nikaisaini, nikaiweka kwenye faili. Halafu nikaendelea kuwapa watu wa nyumba yangu maji yale yale.

Kuna mwenzetu humu aliuliza jinsi ya kupanga nyumba na uwanja wa nyuma ili maji, hewa na mwanga viingie vikiwa vimechujwa. Nilianza kumjibu kwa mistari mitano. Nikaona siwezi kueleza filter yangu bila kueleza ripoti, kwa hivyo nimefungua uzi wangu. Yote ni ya kweli, hata pale ambapo ningependa yasiwe.

Tunaishi upande wa Njoro, nje kidogo ya Nakuru. Tulinunua ploti wakati binti yetu, Nyambura, bado ananyonya. Majirani tulichanga tukachimba borehole, kisima kirefu cha pampu, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na digrii, nikafanywa katibu wa kamati. Nilifurahi kupita kiasi. Nilinunua faili mpya na punch.

Maji yalipopelekwa kupimwa, ripoti ilirudi kwangu. Ilisema maji hayana wadudu, ila fluoride, yale madini yanayoharibu meno, imezidi, na kwamba watoto wadogo wasiyanywe kwa muda mrefu.

Nyambura alikuwa na miaka mitatu.

Nikafikiria watu walivyouza mbuzi ili wachange. Nikafikiria nitasimamaje kwa mkutano niwaambie pesa yao imetoa sumu ya polepole. Nikasoma tena ile sehemu ya "hayana wadudu", nikaandika kwenye minutes za kamati kwamba maji yamepimwa na ni mazuri.

Nyumbani nikaanza kuyachemsha. Nilichemsha kwa bidii, asubuhi na jioni, sufuria kubwa, nikijiona mama mwangalifu kuliko wote. Wakuu, fluoride haiishi kwa kuchemshwa. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kwa miaka mingi nilikuwa napika sumu ile ikolee, na nilikuwa na mfuniko maalum wa kazi hiyo.

Meno ya utotoni ya Nyambura yalikuwa sawa. Yale ya pili ndiyo yalitoka na mistari ya kahawia.

Wenyeji wa huku mnajua. Ukicheka Mombasa, mtu anakuuliza kama umetoka Nakuru. Tumeyazoea hata tunayafanyia utani. Lakini mtoto wa miaka minane hana utani huo.

Nilisema ni ya kurithi. Nilisema yanatoka kwa akina baba yake. Sasa mume wangu alikulia Subukia, akinywa maji ya mto, na meno yake ni meupe kama karatasi ya mtihani. Nikasema inaruka kizazi. Yeye akanitazama tu. Ni mwalimu mstaafu, amezoea majibu ya kubahatisha.

Baya zaidi, nilimwambia mtoto hasugui vizuri. Nilimsimamisha kwenye sinki ya nje, nikamwangalia akisugua kwa chumvi, wiki nyingine kwa majivu, mpaka fizi zikatoa damu. Mimi nikijua.

Alijifunza kucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni. Bado hucheka hivyo.

Alipomaliza chuo aliniuliza wazi kama tulikuwa tunajua. Nikamwambia ripoti haikuwahi kufika kwangu. Hakuuliza tena. Siku hizi anafanya kazi Eldoret, ameolewa, na akija kwangu huja na mtungi wa maji kwenye boot ya gari. Mnaelewa maana ya mtoto kubeba maji kwenda kwa mamake? Mara ya kwanza nilinuna siku mbili. Yeye akasema ni mazoea tu, Mum, usijali.

Mwaka huu akajifungua msichana wa pili.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba, wa pili la nyanya wa upande wa mama. Huyu wa pili ana jina langu. Mamake humwita Mami, kwa sababu kimila yule si mjukuu wangu tu, yule ni mimi nimerudi. Na likizo ya uzazi ya Nyambura ilikuwa inaisha, kwa hivyo nikajitolea kukaa na mtoto. Nimestaafu, nina nyumba kubwa, nina mikono miwili.

Nyambura akanijibu kwa upole, na upole ndio uliniuma. Alisema, "Mum, kwa maji hayo, hapana. Nitatafuta mtu wa kukaa naye huku."

Alitaka mtoto mwenye jina langu alelewe na mtu asiyemjua, kuliko alelewe na mimi.

Hapo ndipo nikawa mhandisi.

Nilisoma mtandaoni wiki nzima. Nikamwita fundi wetu wa siku nyingi, Barasa, tukapanga madrum matatu nyuma ya jikoni: la kwanza kokoto, la pili mchanga, la tatu makaa ya mti. Maji ya borehole yaliingia na rangi ya sturungi, chai isiyo na maziwa, maana pampu yetu ni ya zamani, yakatoka yanang'aa. Barasa akachota kikombe, akakiinua kwenye jua.

"Mathe," akasema, "hii maji sasa iko clean kushinda ya mbinguni."

Nilipeleka chupa lab nikiwa nimevaa nguo ya kanisa. Niliporudi kuchukua majibu, dada wa pale kaunta aliniangalia kwa huruma. "Madam, umechuja matope," akasema. "Fluoride iko vile ilikuwa."

Kumbe makaa ya kawaida hayaishiki. Inayoshika ni makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru lililozibwa, hewa ikiwa kidogo, mpaka iwe myeusi, halafu ikasagwa.

Mtu mwenye akili angeuliza inauzwa wapi. Mimi nikaenda buchari.

Nilinunua mifupa siku nne mfululizo. Siku ya nne yule jamaa wa buchari hakuweza kuvumilia, akaniuliza, "Mama, kwani uko na mbwa ngapi?" Nilimwambia ni ya maji. Akaniongezea moja bure, nadhani ili niende haraka.

Nikaichoma kwenye nusu drum uwanjani. Moshi ulitambaa mpaka barabarani. Mbwa wa mtaa mzima wakakaa kwenye gate kama wanangoja mkutano. Jirani wa kanisani alikuja kuniuliza kama kuna shida yoyote nyumbani ambayo ningependa tuombee. Nilimwambia ipo, lakini si hiyo.

Mifupa mingine ikawa majivu meupe, mingine ikabaki na mafuta ndani. Mimi nikasaga yote, nikajaza drum la tatu. Maji yakatoka na rangi ya manjano, yananukia supu.

Mume wangu alikunywa chai ya saa kumi, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mama Nyambura, leo chai ina nyama."

Nikalia, wakuu. Yeye alidhani ni kwa sababu ya chai, akaanza kuomba msamaha. Nikamwambia kuhusu ripoti pale pale. Akaenda kuimwaga ile chai. Halafu akaniambia alijua tangu zamani kwamba nilikuwa nimesoma, kwa sababu mimi husoma hata karatasi ya kufungia nyama. Akasema hakuuliza kwa kuwa jibu lingemlazimu yeye pia kufanya kitu, na yeye pia hakufanya.

Kwa hivyo tulikuwa wawili. Sijui kama hiyo inanipunguzia au inaniongezea.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu mzima. Nilinunua makaa ya mifupa kwa watu wanaoyatengeneza ipasavyo, hapa hapa Nakuru, na wakanionyesha yanavyooshwa na wakati wa kuyabadilisha. Na kwa kuwa maji ya mvua hayana shida hiyo, Barasa alifunga gutter kuzunguka paa lote na bomba la kumwaga maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kabla mengine hayajaingia kwenye tenki. Maji ya mvua ni ya kunywa na kupika. Tenki likikauka, kama Februari, ndipo filter ya mifupa inafanya kazi. Borehole isiyochujwa ni ya kufua na kumwagilia.

Hewa je? Mnajua vumbi letu la Januari, laini kama poda, linaingia hata kwenye friji. Tulikuwa na ua wa kaiyaba, ule mti wa miiba, upande wa barabara uliojaa matobo. Nimeziba matobo na kuongeza mstari wa pili wa mianzi kwa ndani. Majani yanabeba vumbi badala ya mapafu yetu, na mvua ikinyesha yanajiosha yenyewe. Jiko la kuni la kuchemshia githeri nimelitoa ndani, liko kwenye kibanda chake na chimney ndefu. Madirisha ya chumba cha nyuma yana wavu mzuri.

Chumba hicho cha nyuma ndicho nilikitaka kiwe cha mtoto. Kilikuwa stoo, giza mchana. Tulitoa mabati mawili, tukaweka yale ya kupitisha mwanga, na kwa siku tatu kikawa oveni. Mume wangu alisema tunaweza kuoka mkate humo. Ndipo Barasa akaweka dari ya kitambaa cheupe chini ya mabati, na nje ya dirisha tukajenga fremu ya mbao na kuotesha mti wa passion utambae juu yake. Wenyewe bado ni mdogo, lakini tayari majani yanakata jua la saa tisa. Mwanga unaingia umepoa, unaweza kumlaza mtoto chini yake.

Ili kukitoa giza kile chumba ilibidi nitoe mafaili. Singependa kuwadanganya kwamba niliipata ripoti kwa bahati. Nilijua iko rafu gani.

Majibu mapya ya lab yalikuja, ya tenki na ya filter. Yote mawili mazuri. Yule dada wa kaunta alinipa mkono.

Nilipiga picha karatasi mpya nimtumie Nyambura kwa WhatsApp. Nikaandika, "Maji sasa ni salama, unaweza kumleta Mami." Kidole kikawa juu ya kutuma, nikaona ninachofanya. Nilikuwa nataka karatasi nzuri inisaidie kuficha mbaya, kama nilivyofanya kwenye minutes.

Nikafuta. Nikapiga picha ile ya zamani, kurasa tatu, na saini yangu chini. Nikazituma zote, za zamani na mpya. Nikaandika:

"Niliisoma ukiwa na miaka mitatu. Niliogopa watu wa kamati. Haikuwa kurithi na haikuwa kusugua. Nilikudanganya. Nisamehe ukiweza. Hata usipomleta mtoto, nilitaka ujue."

Tiki mbili zikawa bluu. Hakujibu siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Nilifagia uwanja mara nyingi kuliko unavyochafuka.

Sasa, wakuu, ninachoweza kuwaambia wanaojenga. Pimeni maji kabla ya kupima ploti, na karatasi ikija ibandikwe ukutani watu wote waione. Maji kung'aa si ushahidi. Msichome mifupa nyumbani. Mwenye swali la gutter au la passion aulize hapa chini nitamjibu, na mwenye kuniona mama mbaya pia aandike, sitamjibu kwa ukali. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wale mliolelewa kwa maji hayo: mzazi wako aliwahi kukuambia?

Siku ya nne Nyambura alipiga simu. Nilikuwa nje, nikaikalia ngazi ya jikoni kabla sijapokea.

Hakusalimia. Akasema amesoma karatasi zote.

"Umesign hapo chini," akasema.

"Nilisign."

Nilisikia mtoto akiguna karibu na simu. Nyambura akambembeleza kidogo.

"Nilikuwa nafikiria mimi ndiye sikuwa najua kusugua," akasema. "Mpaka sai, kila asubuhi, bado nasugua hivyo."

Nikamwambia najua. Nikamwambia pole, mwanangu. Sikuongeza sababu.

"Sijui nikuambie nini, Mum. Bado nina hasira. Nitakuja kukuambia yote siku moja na utanisikiliza."

"Nitasikiliza."

Halafu akauliza:

"Hicho chumba cha nyuma Baba aliniambia mnatengeneza, kitanda cha mtoto kinaingia?"

Nikasema kinaingia, ila kuna meza ya mume wangu karibu na dirisha.

"Basi toeni meza," akasema. "Tunakuja Jumapili."