Ulikuja na Kiberiti Chako

Simu hii kubwa alininunulia binti yangu, kitindamimba wangu, kabla hajaondoka kwenda Lusaka. Mpaka leo naishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Nilisoma hadi darasa la nne, sitaki kudanganya, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu mdogo wangu alizaliwa mgonjwa na mtu wa kumbeba alikuwa mimi. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Atakayeona nimepotea njia anisubiri, nitarudi.

Binti yangu ni fundi cherehani. Ufundi aliupata Njombe mjini, na kule Lusaka anashonea katika duka la mama mmoja Mtanzania. Miezi ya kwanza alikuwa akilala nyumbani kwa huyo mama. Kisha mama akamwambia kwamba watoto wake wanarudi kutoka shule ya bweni, atafute pake. Hakumwambia kwa ubaya. Lakini kwa mtoto wa kike, peke yake, nchi ya watu, neno "tafuta pako" linamfanya mama yake aliyeko Makambako ashindwe kumeza chakula. Nilikuwa napika ugali, nautazama, namwita jirani aje ale.

Akaona nyumba mbili. Ya kwanza akanionyesha kwa simu ile ya kuonana uso, huku anatembea na kuniyumbisha mpaka kichwa kikaniuma. Chumba masta, marumaru zinang'aa, ukuta mrefu na nyaya za umeme juu yake. Kiko nyuma ya nyumba ya baba mwenye nyumba, mtu mzima, mpole, anaishi peke yake.

"Mama, ona bafu. Liko ndani kwa ndani."

"Nimeona. Nionyeshe mlango."

"Nakuonyesha bafu, unaniuliza mlango?"

"Bafu sijawahi kuliogopa. Mlango."

Akanionyesha. Mlango wa chuma, kitasa kizuri, kipya.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja atanipa mimi, mmoja anabaki nao mwenyewe. Kwa usalama, amesema."

"Usalama wa nani?"

Picha ikaganda. Nikadhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa ananitazama tu.

Ya pili ilikuwa nyumba ya vyumba sita kwenye safu moja, choo na bomba uani, kelele, mama mmoja anakaanga vitumbua getini, nguo zimeanikwa kila mahali. Hiyo alinionyesha haraka haraka, kama mtu anayekuonyesha soksi iliyotoboka. Baba wa ile nyumba ya marumaru alitaka jibu Alhamisi. Tulikuwa Jumanne.

Hapa sasa lazima nirudi nyuma, maana bila hili mtaniona bibi mwenye wivu na marumaru za watu.

Mimi nilitoka huko kwetu Bulongwa, Makete, nikiwa mjane kijana, watoto nimewaacha kwa mama yangu, nikashuka Makambako kuuza viazi. Kwetu mtu akihamia mahali, siku ya kwanza hawashi moto wa kwake. Hata kama anacho kiberiti, anakiacha. Anachukua kigae au mfuniko wa sufuria, anaenda kwa jirani, anaomba kaa la moto. Kaa halikolei kwa neno moja, kwa hiyo unakaa kwenye kigoda unasubiri, na ukisubiri unaulizwa. Wewe wa nani? Umekuja na nani? Nawe unaambiwa. Mbwa yule anauma. Kile kisima kina matope. Yule baba akishakunywa ulanzi mpishe njia. Unaporudi na kaa lako, mtaa umekujua na wewe umeujua. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia.

Mimi nikajiona nimefika mjini. Nilipanga chumba upande wa stesheni, kizuri kuliko vyote pale, mlango wa mbao nzito na kufuli la shaba. Nikanunua jiko jipya na kiberiti kipya, nikawasha moto wangu mwenyewe, nikafunga mlango. Sikutaka watu waseme huyu wa Makete kaja kuomba omba. Asubuhi nilikuwa nasema "Kamwene," wananiitikia "Kamwene," napita zangu na viazi vyangu.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona mambo. Kigoda nimekiacha hapa, nakikuta pale. Kanga niliyoikunja mara nne imekunjwa mara tatu. Hakuna kilichoibwa, na hiyo ndiyo iliyonitisha, maana mwizi unamwelewa, anataka kitu. Huyu alikuwa anataka nini? Nikafikiri labda ni mimi mwenyewe, ujane umenipanda kichwani. Nikawa nalala na mchi pembeni.

Siku moja kabla ya kwenda sokoni nikachota majivu jikoni, nikayanyunyiza sakafuni, hatua moja kutoka mlangoni, kidogo tu, kama unga kwenye ubao wa maandazi. Niliporudi mchana, kufuli liko vilevile. Nikafungua. Kwenye majivu kuna alama za raba, soli ya mistari. Mguu mmoja umeelekea kitandani kwangu, mwingine umeelekea nje.

Nilitoka pale bila hata kuushika mlango. Uani kulikuwa na mama mmoja Mbena, jirani wa chumba cha tatu, anamenya viazi. Nikamwambia nilichokiona.

"Dada," akasema, "hilo tulilijua."

"Mlijua nini?"

"Kuwa mwenye nyumba anaingia. Ana ufunguo wake. Aliyekaa kabla yako aliondoka kwa hilo hilo."

"Nimekaa miezi miwili hapa. Mbona hamkuniambia?"

Hakuacha kumenya. Alimaliza kiazi, akakitupia kwenye maji, akachukua kingine.

"Tungeanzaje? Ulikuja na kiberiti chako."

Siku ile ile nilihamia mtaa wa Lyamkena, hapa hapa Makambako, ambako niko mpaka leo, na kitu cha kwanza kukitoa kwenye mzigo kilikuwa mfuniko wa sufuria.

Sasa narudi Lusaka. Sikuwahi kumsimulia binti yangu habari ya majivu. Niliona aibu. Kwa hiyo Jumanne ile nikamwambia tu: "Kabla hujajibu, nenda nyumba zote mbili na sufuria. Uombe moto kwa majirani."

Alicheka mpaka nikaona jino lake la nyuma.

"Mama, hii ni Lusaka. Watu wanapikia umeme."

"Umeme haukatiki?"

"Unakatika. Unakatika mno."

"Ukikatika wanakula vibichi?"

"Wanawasha mkaa kwenye mbaula." Ndivyo wanavyoliita jiko la mkaa huko.

"Basi moto upo."

"Wataniona mwendawazimu, mama."

"Wakuone. Mwendawazimu anajulikana mtaa mzima."

"Nadhani nitachukua ile ya marumaru. Ina ukuta, mama. Nani atapita pale?"

Hapo ndipo nikamsimulia majivu. Nilisimulia nikitazama ukutani, si kwenye simu. Nilipomaliza hakucheka tena. Alisema, "Miaka yote hii hukuniambia." Nikasema uji unaungua, nikakata.

Uji haukuwepo.

Alhamisi nilikuwa Njombe. Nilishakubaliana na mtu wa mbegu za viazi, na mbegu hazingojei mawazo ya mtu. Makambako umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu haikushiba, nami usiku kucha nilikuwa naiwasha na kuizima kuona kama amepiga. Nikiwa pale sokoni, baridi ile ya Njombe imeniingia mpaka kwenye magoti, simu ikalia.

"Mama, nimeenda kule kwenye ile nyumba ya…"

Ikazima.

Ya nani? Ya marumaru au ya vitumbua? Kaenda kuomba moto au kaenda kuchukua ufunguo? Niliibonyeza, nikaipapasa, nikaiweka kwapani ipate joto, maana niliwahi kusikia betri hazipendi baridi. Kifaranga ndiye unayeweza kumfufua hivyo, simu hapana.

Nikapanda gari la kurudi, nikakaa mbele na dereva, mbegu zikiwa nyuma. Dereva akanitazama kwa muda, akasema, "Bibi, hiyo hata ukiipuliza haiwaki."

"Huna waya?"

Alikuwa nao, lakini mdomo wake haukuingia kwenye simu yangu. Tulijaribu upande huu na upande huu.

"Kuna msiba, bibi?"

"Binti yangu anapanga nyumba."

Akacheka. "Kupanga nyumba ndiyo unatetemeka hivyo?"

Nikageukia dirishani. Mwanaume anapopanga nyumba anatazama paa kama linavuja. Njia nzima, mashamba ya miwati yanapita, misonobari inapita, mimi naona sakafu ya marumaru inayong'aa, na nawaza kwamba marumaru hazishiki alama. Ukimwaga majivu juu yake utaonekana mchafu tu. Nikawaza pia kwamba kama ataumia, nitakuwa nimeumizwa mara mbili na jambo lile lile, na mara hii kosa ni langu, kwa sababu nililijua nikalifungia mdomoni.

Nilipofika Lyamkena umeme ulikuwa umerudi. Mbegu niliziacha mlangoni zikiwa bado kwenye gunia. Nikachomeka simu, nikakaa sakafuni pembeni yake, nikasubiri iamke. Nilipompigia alipokea mara moja.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Umekwenda nyumba ya nani?"

"Zote mbili. Na sufuria, kama ulivyosema."

Akanieleza. Ile ya marumaru alitoka getini, akaenda geti la kushoto, akagonga. Kitundu kikafunguka, jicho la mlinzi likatokea, likamuuliza anataka nini. Aliposema moto, kitundu kikafungwa. Geti la kulia alijibiwa na mbwa. Mbele hakutoka mtu.

"Nimezunguka na sufuria nusu saa, mama. Mtaa mzima nimeona jicho moja."

"Na mwenye nyumba?"

"Alitoka akaniona. Akasema kwa upole kabisa, ukihitaji kitu chochote, usihangaike na watu, uniombe mimi tu."

"Mimi tu?"

"Mimi tu. Ndivyo alivyosema."

Inawezekana yule baba ni mtu mwema. Sitaki kumsingizia mtu nisiyemjua, labda alikuwa anamhurumia. Lakini niliiona tena ile soli ya mistari.

"Na kule kwa vitumbua?"

Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema wamama walikuwa wamekaa karibu na bomba, na alipoomba moto kwa Kinyanja chake cha kuokoteza walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Kisha yule wa vitumbua akamsukumia kibao, akamwambia akae, makaa hayajakolea. Wakamuuliza yeye ni wa nani, mama yake anajua yuko wapi, ana mume. Wakamwambia asikubali chumba cha mwisho ingawa ndicho kikubwa, maana dirisha lake linatazama uchochoro na komeo lake limekufa. Achukue cha katikati, akikohoa asikike pande zote mbili. Abadilishe kitasa, kwa sababu aliyehama aliondoka na ufunguo. Na mwenye nyumba ni bibi anayekaa chumba cha kwanza, hasikii vizuri ila anaona kila anayeingia.

"Nimechukua cha katikati," akasema. "Kitasa fundi anabadilisha sasa hivi, nimesimama naye hapa. Funguo zote mbili ninazo mimi. Mmoja nitauacha kwa mama wa vitumbua."

"Choo kiko nje."

"Kiko nje, mama."

"Mbali?"

"Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni."

"Umezihesabu?"

"Nilijua utauliza."

Msifikiri nikatulia. Nilipanda viazi nikihesabu hatua kumi na mbili. Kila jioni nilimwuliza kama mlango umefungwa, na kila jioni akanijibu umefungwa, mpaka akaanza kujibu kabla sijauliza.

Kisha jioni moja, jua bado lipo, saa ile watu wanawasha majiko, tulikuwa tunaongea naye akasema, "Subiri, mama, kuna mtu mlangoni." Akaiweka simu chini, nikabaki naona dari. Nikasimama, sijui nilisimama niende wapi. Nikasikia anauliza kitu, mtu akajibu kutoka nje. Nikasikia kitasa. Chuma kikagonga chuma. Halafu sauti mbili za kike.

Akairudia simu. "Mama, ni msichana mgeni. Kaja na sufuria. Umeme umekatika, wale wamama wamemtuma kwangu aombe moto."

"Uliuliza nani kabla ya kufungua?"

"Niliuliza, mama."

"Amepewa chumba gani?"

Akamgeukia, akamwuliza. Nikaona uso wake unabadilika.

"Cha mwisho."

"Basi mwambie habari ya dirisha."

"Makaa bado hayajakolea," akasema. "Nimemkalisha. Ndiyo naanza kumwambia."

Hakuikata simu. Nilikaa nikamsikiliza mwanangu anaeleza, kwa lugha nisiyoijua, kitu ninachokijua neno kwa neno.